Bi Sikudhani Alipowashauri Polisi

Iko nchi moja, na wanaoijua hawapendi kuitaja jina, ambako kila kitu ni kizuri. Barabara zake ni nzuri, isipokuwa hizi zinazopitiwa na watu. Maji ni tele, isipokuwa bombani. Na polisi wake ni wapole kuliko polisi wote duniani. Hilo halina ubishi, kwa sababu tuzo ya upole hutolewa kila mwaka na polisi wenyewe, na kila mwaka wanaishinda.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kwa Mabirika, palikuwa na nyumba moja ndefu iliyogawanywa katikati kwa ukuta wa udongo uliopakwa chokaa. Upande wa mawio alikaa Bi Sikudhani, mjane, ambaye watoto wake walikwenda mbali kutafuta maisha, wakayapata, na walipoyapata wakakosa nafasi ya kurudi. Upande wa pili alikaa Bi Atupele, mtu wa nyanda za juu kwenye baridi, aliyeletwa mjini na mume wa reli. Mume akafa, reli nayo ikafa, akabaki yeye.

Kila asubuhi Bi Sikudhani akishawasha jiko la mkaa na kubandika birika, alichukua mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu akaugonga ukuta: ko-ko-ko. Maana yake, umeamka? Bi Atupele, ambaye sikio lake moja lilikwisha kustaafu, alikuwa ameweka kiganja ukutani tayari, apate kuisikia kwa mkono. Kisha aliokota kiatu cha marehemu mumewe, kile cha reli chenye kipande cha chuma kisiginoni, akajibu: ko, ko. Nimeamka. Basi. Kila mtu alikunywa chai yake upande wake, na siku ikawa imeanza.

Alasiri walikaa barazani wakichambua mchele, na watu wa mtaa pia.

"Leo umekawia kujibu, shoga. Nilishaanza kufikiria sanda."

"Sanda gani? Wewe na ubahili wako ungenizika na ile kanga ya mwaka wa mafuriko."

"Na ingekupendeza."

Walikuwa hivyo miaka na miaka. Wala hakuna mmoja aliyepata kumwambia mwenzake kwamba bila ile hodi ya asubuhi asingekuwa na sababu ya kutoka kitandani. Mambo kama hayo hayasemwi barazani.

*

Siku moja Serikali ilisikia kwamba katika nchi nyingine polisi hushauriwa na raia. Serikali ile haikupenda kupitwa. Ikatoa amri kwamba kila kituo kiwe na Kamati ya Ushauri ya Wananchi wa Kila Aina, na kwamba wananchi watakaokataa kushauri kwa hiari watalazimishwa.

Kituo cha Kwa Mabirika kiliongozwa na Kamanda Lugendo, mtu mwenye tumbo la cheo na sauti iliyosikika mtaa wa tatu hata kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Kamanda alitengeneza viti kwanza, akatafuta watu baadaye. Kila kiti kiliandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni aina ya mwananchi atakayekikalia: MREFU, MFUPI, MWENYE NDEVU, MLA UGALI, MLA WALI, MGENI, MJANE, na vingine.

Kazi ikawa kuvijaza. Mzee Chingwile, fundi baiskeli, ambaye huinama kuingia mlangoni mwake mwenyewe, alipewa kiti cha MFUPI, kwa kuwa kile cha MREFU kilikwisha kuchukuliwa na shemeji yake Kamanda. Bwana Ramji wa duka la vitambaa, ambaye babu yake alizaliwa mtaa ule ule na kuzikwa mtaa ule ule, alikalishwa kwenye kiti cha MGENI, akaambiwa ajisikie yuko nyumbani. Mla ugali alifukuzwa wiki ya kwanza, baada ya kuonekana harusini na sahani ya pilau. Ilisemekana amepoteza asili yake.

Bi Sikudhani naye akafuatwa.

"Wewe ni mjane?" aliulizwa na Koplo Masunga, kijana mrefu mwenye buti kubwa, aliyekuwa na adabu.

"Ndiyo, mwanangu."

"Una uhakika?"

"Nilimzika mwenyewe."

Koplo akaridhika. Jioni Bi Sikudhani akamwuliza jirani yake barazani, niende nisiende?

"Nenda, shoga," alisema Bi Atupele. "Watakupa soda. Ukishindwa kuimaliza niletee."

Akaenda. Si kwa ajili ya soda. Ila ulikuwa umepita muda mrefu sana tangu mtu yeyote, ukimtoa Bi Atupele, amwulize Bi Sikudhani yeye anaonaje.

*

Kamati ilikutana kila Jumamosi katika stoo ya zamani ya kituo, chumba kilichopakana ukuta na mahabusu. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mwenye ushauri anasimama, anashika mgongo wa kiti chake, anashauri. Kamanda akisema "Tumepokea," askari anapiga kengele, ile waliyoichukua shule ya msingi. Ushauri ukishapigiwa kengele haurudi. Huo ni mali ya dola.

"Wananchi wenzangu wa aina mbalimbali!" alianza Kamanda Lugendo. "Leo ni leo. Haikuwa jana, na kesho itakuwa imeshapita. Polisi asiye na ushauri ni kama... ni kama polisi."

Watu wakapiga makofi.

"Kwa hiyo tushaurini. Msiogope. Atakayeogopa tutamchukulia hatua. Swali la leo ni hili: wewe, kwa aina yako, ni kitu gani hukufanya ujione salama?"

Mzee Chingwile akasimama. Akasema yeye anapenda mwanga, na kwamba karibu na karakana yake pana kona yenye giza, taa ingefaa. Kengele ikalia. Bwana Ramji akasema yeye hufurahi mtu akipita dukani akamsalimia, hata asiponunua. Kengele ikalia. Bi Sikudhani akasimama mwisho, magoti yakilia kama mlango, akaeleza habari za ukuta, mchi na kiatu. Aliieleza taratibu, hata mahali chokaa ilipobabuka alipataja, na kile kiganja alikiweka hewani akaonyesha.

"Basi nikishasikia ko, ko, najua yupo," alimaliza. "Na yeye anajua nipo. Usalama wangu ni huo tu."

Kamanda alivua kofia. Jicho lake moja lilikuwa na unyevu.

"Huu," alisema, "ndio ushauri. Tumepokea! Tumepokea kwa mikono miwili!"

Kengele ilipigwa hadi kipini kikachomoka. Bi Sikudhani alirudi nyumbani na nusu chupa ya soda ameifunga kwa kona ya kanga, na uso wake umekunjuka kama wa bibi harusi.

*

Polisi wa nchi ile hawalali juu ya ushauri.

Taa ilisimikwa kwenye kona ya karakana, kubwa kama ya uwanja wa mpira. Jioni ya kwanza ilipowashwa, mtu wa kwanza kuonekana chini yake alikuwa Ligomba, mdogo wake Mzee Chingwile, akifunga mlango. Akakamatwa kwa kosa la kuonekana.

Ikatangazwa pia kwamba kumsalimia mwenye duka ni wajibu wa kila mpita njia. Wiki hiyo mkewe Bwana Ramji alikuwa amemnunia mumewe kwa jambo lao la nyumbani. Akapita mbele ya duka ametazama upande. Akakamatwa.

Lakini ushauri uliosafiri mbali zaidi ulikuwa wa Bi Sikudhani. Ulifika hadi makao makuu, ukarudi ukiwa umevaa sare, na jina lake sasa ni Operesheni Upo. Kila asubuhi askari atagonga kila mlango wa nchi na kuuliza, "Upo?" Mwananchi atajibu, "Nipo." Askari atasema, "Asante, utulivu upo," na kuendelea. Na kwa kuwa kugonga sasa ni kazi ya dola, raia yeyote atakayegonga kwa kujitegemea atahesabiwa kuwa anaendesha polisi ya binafsi.

"Shoga," alisema Bi Atupele barazani, "ushauri wako umekuwa mkubwa, hautuamkii tena."

"Wamenielewa vibaya."

"Wamekuelewa. Hawa wakikielewa kitu ndiyo kwisha kwake."

Asubuhi iliyofuata Koplo Masunga aligonga, bi vizee wakajibu kila mmoja mlangoni kwake, utulivu ukawapo. Bi Sikudhani akarudi jikoni, akabandika birika. Na mkono wake, ambao haukuhudhuria kikao chochote na wala haukusikia tangazo, ukachukua mchi ukagonga ukuta: ko-ko-ko.

Alikumbuka akiwa ameshagonga. Akasimama na mchi hewani, akiomba lile sikio na kile kiganja visiwe karibu. Lakini jibu lilikuja hapo hapo, kwa nguvu, kama la mtu aliyekuwa akingoja: ko, ko!

Koplo alikuwa bado uchochoroni, anafunga kamba ya buti.

Alikuwa askari anayejua sheria. Aliingia kwa Bi Sikudhani, akautazama mchi, akanusa. "Hiki ni chombo cha jikoni," alisema. "Mwenye mchi anatwanga, na kutwanga hakujakatazwa." Akaenda upande wa pili. "Lakini wewe, bibi, hiki kiatu kinapika nini?"

"Kinajibu salamu," alisema Bi Atupele.

"Mimi ndiye niliyegonga!" Bi Sikudhani alipiga kelele mlangoni. "Nikamate mimi, mwanangu!"

"Haiwezekani, bibi. Wewe ni mshauri. Mshauri hakosei, anashauri tu."

Akaondoka naye. Bi Atupele alitembea wima, kiatu cha reli kikiwa mkononi mwa Koplo kama kidhibiti, yeye na ndala zake. Kwenye kona aligeuka.

"Shoga, yafunike maharage yangu, paka asije akayatia pua!"

Bi Sikudhani akayafunika. Akakaa karibu nayo hadi yakapoa, hadi yakaganda, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba yameganda.

*

Alikwenda kituoni na bakuli la magimbi, chakula cha kwao Bi Atupele, amelifunga kwa kitambaa kisafi.

"Chakula huletwa na ndugu," alisema askari wa kaunta. "Wewe ni nani kwake?"

"Jirani."

"Jirani si ndugu."

"Tunakaa ukuta mmoja, baba."

"Ukuta si nasaba, bibi."

Basi akaomba kuleta malalamiko. Akaelezwa kwa upole kwamba mshauri haruhusiwi kulalamika, kwa maana atakuwa anajilalamikia. Akasema yuko tayari kuacha ushauri. Akaelezwa kwamba akiacha, kamati itakuwa haina mjane, na kamati isiyo na mjane si ya kila aina, kwa hiyo itavunjika, na malalamiko yote hupokelewa na kamati. Askari alimaliza maelezo, akalitazama bakuli, akauliza kama magimbi yale yana nazi.

Jumamosi alisimama, akashika mgongo wa kiti chake.

"Nashauri Bi Atupele arudishwe kwake."

"Ushauri wenye jina la mtu ni umbea," alisema Kamanda, si kwa ukali. "Upanue, mama. Uwe wa taifa."

Bi Sikudhani akafikiri. "Basi nashauri wazee wanaokaa peke yao watazamwe kwa huruma."

"Tumepokea!"

Kengele. Wiki ile ile wazee wote wanaokaa peke yao wakawa wanagongewa mara mbili, asubuhi na jioni, na askari husimama mlangoni akiwatazama kwa huruma kwa muda, ndipo aende zake. Wawili walizimia. Bi Sikudhani aliapa kutofungua mdomo tena mbele ya kengele ile.

Jumamosi iliyofuata aliomba jambo dogo tu: mgongo unamsumbua, aweke kiti ukutani apate kuegemea. Akaruhusiwa. Kikao kilikuwa kirefu. Kamanda alisoma salamu za Serikali kwa kamati, kisha salamu za kamati kwa Serikali, ambazo kamati ilikuwa inazisikia kwa mara ya kwanza. Likaja tendo la kila Jumamosi la kufumba macho na kuwashukuru polisi kimoyomoyo. Kila mtu akafumba. Bi Sikudhani akachukua kijiko cha chai, akapeleka mkono nyuma ya kiti.

Ko-ko-ko.

Hapakuwa na kitu. Akangoja. Alijiambia ukuta wa serikali ni mnene, alijiambia kiganja hakikuwepo mahali pake. Ndipo akasikia, chini kidogo ya bega lake la kushoto: ko, ko. Haukuwa mlio wa chuma. Kiatu walikizuia. Ulikuwa mlio wa konzi, wa mkono mtupu wa mtu mzima, hafifu, lakini kulegalega kule kwa pigo la pili alikujua, angekujua hata ahera.

Alipofumbua macho, machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Kamanda aliyaona.

"Tazameni," alisema kwa sauti ya chini, ile inayosikika mtaa wa pili tu. "Tazameni jinsi mama huyu anavyotushukuru."

*

Mzee Chingwile hakuwa amefumba macho vizuri. Jumamosi iliyofuata naye akaja na mgongo. Bwana Ramji akaja na mgongo na nyonga. Baada ya muda si mrefu ugonjwa ule ukaenea, kwa maana kila aliyekuwa ameshauri chochote katika kamati ile alikuwa na mtu wake nyuma ya ukuta. Viti vyote vikawa vimejipanga ukutani, MREFU kwa MFUPI. Shemeji yake Kamanda naye alikuwapo, maana alishauri mara moja tu, kuhusu kelele za mbwa, wakamkamata mwanawe kwa kumwita mbwa wake kwa sauti.

Katikati ya chumba ilibaki meza na Kamanda peke yake. Tendo la shukrani liliombwa lirefushwe, likarefushwa. Kamanda alikuwa akiketi pale, mikono magotini, akisikiliza milio midogo midogo kando kando ya chumba. Akadhani ni panya. Mara moja aligonga meza kwa kidole, pole pole, hivi na hivi, akasubiri. Meza haikujibu.

Aliandika makao makuu kwamba mahudhurio ni kamili, na kwamba wananchi wa kila aina sasa wameiegemea polisi. Makao makuu wakafurahi mno. Wakatuma zawadi.

"Wapendwa!" alisema Kamanda Jumamosi moja, anang'aa. "Tumejengewa kituo kipya, kule kilimani! Ukumbi wenu una viti vya mito na foronya, kila kiti na feni yake! Wiki ijayo tunahama. Mnashauri nini?"

Kisha Bi Sikudhani, aliyekuwa ameapa, akasimama.

"Nashauri tubaki hapa," alisema. "Hapa hapa."

"Tubaki!" alisema Mzee Chingwile. "Feni zinaleta mafua."

"Mimi ni mgeni," alisema Bwana Ramji, "na mgeni hapendi kuhamahama. Tubaki."

"Tubaki!" walisema wote. Kamati ile haikuwahi kukubaliana hata kuhusu chai iwe na tangawizi au isiwe nayo.

Kamanda Lugendo alivua kofia kwa mara ya pili katika maisha yake ya kazi. Midomo ilimcheza. "Hata vya foronya mmevikataa," alisema. "Hata feni. Kwa kukipenda kichumba hiki. Tumepokea!"

Kengele ikalia.

"Nami nitafanya kila kitu kibaki kama kilivyo," aliendelea, akijipangusa kwa leso. "Na tumewahi kweli. Maana kule kituo kipya wahandisi walisahau mahabusu. Hakuna hata chumba kimoja. Jengo hili lingebomolewa, na hawa waliomo humu nyuma tungewarudisha makwao wote Jumatatu. Sasa hakuna haja. Watabaki. Kwa heshima yenu."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kibaya kilichokatika. Bwana Ramji akasema, "Kamanda, tunaomba turudishe ule ushauri." Mzee Chingwile akasema anavipenda viti vya foronya, amevipenda tangu utotoni. Kamanda akatikisa kichwa kwa mapenzi makubwa. "Msione haya kwa wema wenu," alisema. "Kengele imeshalia."

Likafuata tendo la shukrani. Wote wakafumba macho. Bi Sikudhani alipeleka kijiko nyuma ya kiti, akakizuia pale. Alitaka kumwambia Bi Atupele kilichotokea. Alitaka kumwambia, shoga, nisamehe, mara ya kwanza ulikuwa ni mkono, safari hii ni mdomo wangu. Lakini miaka yote ile walikuwa na hodi moja tu na jibu lake moja. Hawakuwa wamehitaji nyingine.

Ko-ko-ko, akagonga. Umeamka?

Ko, ko, ukajibu ukuta, kwa wepesi kabisa, kama wa mtu aliyesikia tetesi za Jumatatu na anayefunga kanga zake tayari.

*

Jumatatu Koplo Masunga alipita Kwa Mabirika kama kawaida. Alianza upande wa pili. Bi Sikudhani, birika limebandikwa na mchi umelala juu ya kinu, alimsikia kupitia ukutani akigonga mlango wa nyumba tupu.

"Upo?"

Kimya. Lakini amri ilisema kila mlango lazima ujibu, na Koplo alikuwa askari anayejua sheria. Akakohoa, akalainisha sauti yake nzito kadiri alivyoweza.

"Nipo," akajijibu. "Asante, utulivu upo."

Buti zikazunguka nyumba, zikaja upande huu. Hodi.

"Upo, bibi?"

Bi Sikudhani alikuwa ameweka kiganja ukutani. Hakukitoa.

"Sipo, mwanangu," alisema. "Nitakuwapo Jumamosi."